Mkono Usiofungwa

Jumatatu, 2 Juni

Mvua imeanza saa nne asubuhi na haina dalili ya kuondoka. Hakuna mteja atakayekanyaga matope ya Malakia, hapa Juba, leo, kwa hiyo nimechukua daftari la oda la mwaka juzi, lenye kurasa nyingi tupu, nianze kuandika. Naandika Kiswahili kwa sababu dada yangu Erina hakisomi. Yeye alikulia Arua, mimi Nakuru, na nikiandika Kiingereza anakisoma bila haya na kunisahihisha juu yake.

Mimi ni Juliet, binti Pitia, na kazi yangu ni mihuri. Mji huu hauamini barua isiyo na muhuri, hata ya kuomba ruhusa ya kwenda kuzika, kwa hiyo sikosi kazi. Nachora kwa mistari kwenye laptopu yangu ya zamani, naugeuza mchoro ulale kinyume kama kwenye kioo, kisha nampa Wasswa. Wasswa ni Mganda, mwenzangu wa duka, na vitu vyote vya maana humu ni vyake: jenereta, kompyuta mpya, na printa ya 3D inayopanga plastiki ya moto tabaka juu ya tabaka. Yeye huingiza mchoro wangu kwenye programu ya kuunda maumbo, anaupa unene, anauchapisha. Muhuri usiogeuzwa hupiga maandishi kinyume. Hilo lilinitokea mara moja tu, miaka tisa iliyopita, kwenye muhuri wa askofu. Tangu siku hiyo kidole changu hubonyeza H, herufi ya kugeuza, kabla akili haijaulizwa. Na maandishi ya kinyume nayasoma kama watu wengine wanavyosoma ya kawaida. Erina anasema huo ni ugonjwa.

Saa saba akaingia mwanaume mrefu, amelowa hadi soksi, ameshika mfuko wa plastiki ulio ndani ya mfuko mwingine wa plastiki. Anaitwa Duop, anakaa kambini Mangateen. Kiswahili chake ni cha Kenya kwa sababu aliendesha malori Eldoret miaka mingi. Ndani ya mifuko mlikuwa na karatasi moja ya daftari, nyembamba, iliyokunjwa hadi mikunjo imekuwa matundu. Mtu alikuwa ameuzungushia kalamu mkono wa mtoto.

Ni mkono wa binti yake, Nyachuol. Duop aliondoka kwenda Kenya mtoto hajaanza kutembea. Siku mtoto alipotimiza miaka mitatu, mama yake aliulaza mkono wake juu ya karatasi, akauzungushia kalamu, akamtumia baba pamoja na barua: anakua vizuri, ila aliangukiwa na mchi na kidole kidogo kimepinda. Miezi miwili baadaye vurugu zilifika kijijini. Mama alikufa. Mtoto hakuonekana, hai wala maiti. Imepita miaka sita. Barua ilipotea, karatasi ya mkono ikabaki. Wino umepenya pande zote mbili, na Duop huweka kiganja chake juu yake, mara upande huu, mara upande ule.

Anataka kitu kigumu cha kushika, kwa sababu karatasi inaisha. Nimepima kwa rula kutoka chini ya kiganja hadi ncha ya kidole cha kati. Milimita mia moja kamili.

Jumanne, 3 Juni

Nimeskani karatasi, nikaufuata wino kwa mistari, nikabonyeza yale ninayobonyeza siku zote, kisha nikaifuta picha iliyokuwa chini, maana kompyuta ya Wasswa hugoma kupokea mchoro wenye picha ndani yake. Pembeni mama alikuwa ameandika NYACHUOL, 3, kwa herufi za mtu asiyezoea kalamu. Nikazitazama kidogo. Vistari vidogo namna hiyo huisumbua programu, kwa hiyo nikavihamishia kwenye leya ya peke yake, tabaka la mchoro linaloweza kufichwa, na kuificha.

Wasswa akapiga kelele kutoka upande wake kwamba mashine inakataa. Mkono uko wazi chini. Umbo ambalo mstari wake haujakutana na mwanzo wake haliwezi kupewa unene, na mkono uliozungushiwa kalamu haujikuti kamwe: kalamu huanzia upande mmoja wa kifundo na kuishia upande wa pili. Dawa yake ni mstari mmoja mfupi wa kukatiza hapo. Nilikuwa nimeshaweka mshale tayari pale nilipomsikia Duop nyuma yangu. Sikujua kwamba amesimama karibu hivyo.

"Usiufunge, dada. Mkono yenye imefungwa hapo ni mkono imekatwa."

Nilitaka kumjibu vibaya, maana sipendi kufundishwa kazi. Halafu nikauona mstari mfupi vile alivyouona yeye, na nikaondoa mshale. Tukapata njia nyingine: tuchapishe kibao bapa cha plastiki, na mstari wenyewe nikaupa upana, ukawa ufa mwembamba unaokitoboa hadi upande wa pili. Mkono unabaki umeshikana na kibao kwenye kifundo. Wasswa anasema kama ningeufunga, ungedondoka wenyewe. Juu yake ameandika NYACHUOL kwa herufi nono za kwake, ili kibao kiwe na uso.

Alhamisi, 5 Juni

Kibao cha kwanza. Nilipokibandua kidole kidogo kikavunjika pale pale kilipopinda. Nimejikuta naomba radhi, sijui namwomba nani.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeuchukua mstari kutoka kompyuta ya Wasswa, nikaurudisha kwangu, nikaunenepesha ubavu wa kidole, nikahifadhi juu ya faili lilelile, nikampelekea. Kibao cha pili kimetoka kizima. Duop alikipima kwa rula kabla yangu.

Mia moja na saba.

Nikasema basi juzi nilipima vibaya. Sijawahi kupima vibaya. Muhuri ukizidi milimita moja hauingii kwenye mpini wake.

Jumanne, 10 Juni

Mvua. Muhuri mmoja wa kanisa. Basi.

Jumatatu, 16 Juni

Duop anakuja kila mvua inapokatika. Siku hizi namwita Baba Nyachuol, kama ambavyo ningemwita iwapo mtoto angekuwa anacheza hapo mlangoni, naye huitika haraka kuliko anapoitwa jina lake. Leo kidole kimevunjika tena, mfukoni mwake. Nimeurudisha mstari kwangu, nimeutengeneza, nimempa Wasswa. Mia moja na kumi na nne.

Nikamwomba alete ile karatasi nipime upya.

Jumatano, 18 Juni

Karatasi haipo. Maji yaliingia kambini usiku wa Jumapili, na alipoufungua ule mfuko alikuta kitu kama uji wenye rangi ya bluu. Ameniambia hivyo bila kubadilisha sauti. Halafu akauliza kama mkono bado uko ndani ya kompyuta. Nikamwambia uko. Akauliza kama nina hakika.

Kwa hiyo sasa mkono huo hauko mahali pengine popote duniani ila kwangu.

Ijumaa, 27 Juni

Mafuta ya jenereta hayapatikani mji mzima. Sikuwasha mashine. Jumatano, kabla hayajaisha, mkono ulikuwa bado mia moja na kumi na nne.

Jumapili, 29 Juni

Bado hakuna mafuta. Nimekwenda ibadani Nyakuron, nikarudi nikapitia dukani kuona kama paa linavuja. Linavuja. Laptopu imelala, betri imekufa tangu Alhamisi. Kibao kilikuwa mezani, mahali nilipokiacha. Matone yalikuwa yameingia kwenye ufa na kupita, na nilipokiinua, juu ya vumbi la meza palikuwa pamechorwa mkono kwa maji. Nikaufuta kwa kiganja. Nilipofika mlangoni nikarudi kuufuta tena kwa kitambaa.

Jumatano, 2 Julai

Mafuta yamepatikana. Nimefungua faili kumwonyesha Baba Nyachuol tu, sikutaka kubadilisha kitu. Mia moja na ishirini na moja. Lazima nilihifadhi jambo fulani na kusahau. Nimemkasirikia Wasswa bure.

Jumatatu, 14 Julai

Kibao kimepinda kwa unyevu. Nimerudisha mstari kwangu, nimeongeza upana, nimempa Wasswa. Mia moja na ishirini na tisa.

Naogopa, na niandike hivyo hivyo: naogopa. Si kibao. Plastiki ni plastiki, na harufu yake ni ya sukari iliyoungua. Naogopa kwamba nikikaa mbele ya skrini nakuta vidole vimenitangulia. Wasswa alikuwa anatania, anasema tumnunulie mtoto pete. Leo hakutania. Alikifunika kibao kwa taulo kabla ya kula chakula chake.

Baba Nyachuol alipokuja nikamweleza kwa upole kwamba kuna kasoro, mkono unaongezeka na sijui kwa nini. Alitoa taulo, akaweka kiganja chake cha kulia juu ya mkono wa plastiki, akakadiria.

"Amekua," akasema.

Alisema kama mzazi yeyote anayemvua mtoto viatu vya mwaka jana. Nikageukia ukutani.

Jumanne, 22 Julai

Siku kubwa. Baba Nyachuol amekuja na mwanamke anayeitwa Victoria, wa shirika linalotafuta watoto waliopotea. Karibu na Adjumani, upande wa Uganda, kuna msichana wa miaka tisa hivi. Bibi mmoja alimwokota njiani miaka sita iliyopita na kumlea kwa jina la Caroline. Bibi amefariki mwezi uliopita. Msichana ana kidole kidogo kilichopinda.

Victoria ni mtu wa kunyoosha maneno. Vidole vilivyopinda ni vingi, akasema, na familia moja iko tayari kumchukua mtoto kwenda naye Kampala katikati ya Agosti. Kupima damu kunahitaji kumleta Juba, na hawaleti mtoto kwa matumaini ya mtu tu. Kwa hiyo atakwenda na kibao cha ukubwa halisi, ule wa mtoto wa miaka mitatu, alinganishe kidole. Kikilingana, msichana analetwa. Kisipolingana, faili linafungwa na msichana anakwenda Kampala.

Baba Nyachuol alisikiliza amesimama. Kiti kilikuwepo.

Nilijaribu mwenyewe kuupunguza mkono, nikaurudisha kwangu. Mia moja na thelathini na nane.

Alhamisi, 24 Julai

Wasswa amepata chanzo. Ameniita nikae pembeni yake, akaurudisha mstari kwenye laptopu yangu mbele ya macho yangu, tukapima pamoja. Mia moja na arobaini na saba. Halafu akanionyesha. Programu yangu ya zamani huigawa inchi moja katika nukta tisini. Ya kwake huigawa katika nukta tisini na sita. Mstari ukitoka kwake kuja kwangu, kila nukta inanyooka kidogo. Nikimrudishia, namtumia kwa milimita halisi, kwa hiyo kilichoongezeka hakipungui. Kila safari ya kurudi kwangu mkono unazidi sehemu moja ya kumi na tano.

"Hii kitu si ya shetani, nyabo," akasema, kama Waganda wanavyomwita mwanamke kwa heshima. "Iko ya hesabu."

Nimecheka hadi nikakohoa. Nimejiona mjinga na mtu salama kwa wakati mmoja. Tumeandika namba sahihi kwa mkono, tumetoa kibao cha milimita mia kamili kwa ajili ya Victoria. Kile cha mia na arobaini na saba, tulichokichapisha kwanza ili kuhakikisha, nimekitundika kwenye msumari karibu na mlango. Baba Nyachuol hakutaka kitupwe.

Ijumaa, 1 Agosti

Victoria amevuka mpaka jana. Mvua na kungoja.

Ijumaa, 8 Agosti

Si yeye.

Victoria alikiweka kibao kidogo juu ya meza yangu, jina likitutazama. Kidole gumba kiko kushoto, akasema, kwa hiyo huu ni mkono wa kulia, na kidole kidogo cha kulia kimepinda. Cha msichana cha kulia kimenyooka kabisa. Kilichopinda ni cha kushoto. Alimtazama mara tatu, kwa sababu alitamani kiwe hicho. Faili litafungwa Ijumaa ijayo.

Nikamuuliza Baba Nyachuol kama anakumbuka karatasi ilivyokuwa. Alitazama mikono yake yote miwili, ya kwake mwenyewe, akaigeuzageuza. Alisema miaka yote aliitazama pande zote na hakuwahi kujiuliza. Halafu akasema, "Mashine haidanganyi, dada," akaniomba msamaha kwa kunisumbua wakati wa mvua.

Alipokuwa anatoka nikamwita, na sijui kwa nini nilimwita Duop. Alisimama kwenye maji ya barazani.

"Si ungeendelea tu kuniita vile," akasema.

Jumanne, 12 Agosti

Baba Nyachuol amekirudisha kibao kidogo alichoondoka nacho Ijumaa. Anasema huenda nitahitaji plastiki. Nikamwambia plastiki hairudishwi hivyo. Akakiacha hata hivyo, upande wa jina ukiwa chini.

Alhamisi, 14 Agosti

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Asubuhi nilifungua faili la mkono na kufungua leya zote nilizokuwa nimeficha. Sikuwa natafuta lolote. Ni kama mtu anavyofungua sanduku la marehemu, akunje nguo na kuzirudisha. Herufi za mama zikatokea pembeni ya mkono: NYACHUOL, 3. Nikazisoma, nikalia kidogo, nikaziacha wazi.

Saa tano akaingia Victoria kuchukua muhuri mpya wa ofisi yao, ule wa kufungia mafaili. Nimeuchora mwenyewe, na kesho utapigwa kwanza kwenye faili la huyo mtoto. Wasswa alikuwa anausugua kingo. Victoria akasimama nyuma ya kiti changu kungoja.

"Hiyo ni lugha gani?" akauliza.

Nikamwambia si lugha, ni jina la mtoto, mama yake aliliandika.

"Liko wapi?"

Nikafikiri ana matatizo ya macho. Nikaweka kidole kwenye skrini nimsomee herufi moja moja. N, nikasema. Y. A. Kidole changu kilikuwa kinatembea kutoka kulia kwenda kushoto.

Nilikiona kidole hicho kama cha mtu mwingine. Kilisimama kwenye C na hakikuendelea.

Wasswa alikuja na muhuri mkononi, akainama, akatazama muda mrefu. Yeye alikuwa hajawahi kuiona leya hiyo.

"Nyabo," akasema, "wewe ulipiga H."

Nilikuwa nimeugeuza. Tangu tarehe tatu Juni hadi leo, mkono wa mtoto umelala kinyume kama muhuri, na jina lake limelala kinyume pembeni yake likinipigia kelele, na mimi nililisoma bila shida yoyote. Mtoto wa darasa la kwanza angeona. Erina angeona. Mtu mmoja tu mji mzima asingeweza kuona, na huyo ndiye aliyepewa karatasi.

Nikabonyeza H. Kidole gumba kikahamia upande wa pili. Jina likanyooka. Mbele yetu ukakaa mkono wa kushoto wa mtoto wa miaka mitatu, kidole kidogo kimepinda kuelekea ndani, na Victoria akakaa kwenye kiti ambacho Baba Nyachuol huwa hakikalii.

Alipiga picha skrini mara tatu, ikiwa imegeuzwa na ikiwa sawa. Alitaka niandike barua ya kueleza kosa langu, nitie sahihi. Na barua hiyo, bila shaka, ilitakiwa kuwa na muhuri. Nikaupiga mwenyewe, wa duka letu. Ule wa kufungia mafaili aliuweka mkobani haujaguswa wino.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwenda Mangateen kwa miguu, boda haipiti kule. Nilimkuta anafunga turubai. Nilimwambia yote nimesimama, viatu vimejaa tope, sikutafuta maneno ya kujipunguzia. Nikamwambia karatasi ilikuwa ya mkono wa kushoto. Nikamwambia mashine haikudanganya, nilidanganya mimi, bila kujua, kwa mazoea.

Aliendelea kufunga kamba hadi ikakaza. Hakunitazama.

"Nilikuwa nimeanza kumzika, dada," akasema. "Hii wiki. Nilikuwa najilazimisha."

 Nimeona aibu nyingi maishani lakini zilikuwa za watu kunicheka. Hii ilikuwa nyingine. Akasema khalas, kama watu wa hapa wanavyomaliza jambo lisilomalizika, akanionyesha mahali pa kupita pasipo na maji. Hakusema amenisamehe. Nilipofika barabarani nikasikia ananiita, nikageuka.

"Kile kikubwa bado kiko kwa msumari?"

Nikamwambia kiko.

"Wacha kikae."

Jumanne, 2 Septemba

Victoria anasema msichana ataletwa. Hawezi kusema siku. Nimefanya mihuri minne, kila mmoja nimeuangalia kana kwamba utauma.

Jumamosi, 20 Septemba

Wamemleta dukani kabla ya kwenda kutolewa damu. Baba Nyachuol ndiye aliyeomba iwe hapa. Alikuwa amefika tangu saa mbili, amevaa shati lenye mikunjo ya sandukuni.

Msichana ni mwembamba, ana paji la uso pana, na anasikiliza kabla ya kusema. Kiswahili chake kidogo ni cha Uganda, kwa hiyo Wasswa ndiye aliyemsalimu. Alijibu kwa adabu. Hakumtazama mwanaume mrefu aliyesimama karibu na ukuta. Hakuna aliyemwambia kitu. Tulikuwa tumekubaliana hivyo na Victoria.

Alitazama mihuri, akatazama printa, kisha akatazama msumari. Akaenda akakitoa kibao. Alikishika kwa mikono miwili, akaangalia lile jina, akapapasa herufi. Halafu akakigeuza. Naandika kama nilivyoona: alikigeuza jina likalala chini, akakiweka mezani, akalaza mkono wake wa kushoto juu yake, kama mtu anayerudisha kitu mahali pake.

Ufa ulipita kuzunguka vidole vyake vyote bila kuvigusa, ukibaki upana wa uzi kila upande. Ulifika kwenye kidole kidogo, ukapinda kilipopinda, ukanyooka kiliponyooka. Chini, kwenye kifundo, pale nilipotaka kufunga, mkono wake ulitoka nje ya kibao ukaendelea hadi begani, hadi kwake.

Wasswa alitoka barazani. Victoria aliangalia saa yake na nadhani hakuiona.

Baba Nyachuol alisogea, akapiga magoti, akapuliza vumbi lililokuwa kwenye ufa, polepole, asije akamshtua.

"Amekua," akaniambia mimi, si yeye.

Ijumaa, 17 Oktoba

Majibu ya damu yametoka. Ni wake.

Mvua inakwisha. Leo nimekaa na daftari hili nikalisoma tangu mwanzo, kwa sababu kuna jambo limenisumbua tangu siku ile. Kibao kilichomtosha ni cha mia na arobaini na saba. Kutoka mia moja hadi hapo ni safari sita za kurudi kwangu. Nimehesabu safari nilizoandika. Tarehe 9 Juni. Tarehe 16 Juni. Tarehe 14 Julai. Tarehe 22. Tarehe 24. Tano. Iliyobaki ni ile ya kutoka mia na kumi na nne hadi mia na ishirini na moja, iliyofanyika kati ya Juni na Julai, wiki ambayo nimeandika kwa mkono wangu kwamba mafuta hayakuwepo, betri ilikuwa imekufa, na mashine haikuwashwa.

Nikampigia Victoria kumuuliza jambo lingine kabisa, nikapitishia humo swali langu: yule bibi wa Adjumani alifariki lini hasa? Akapekua. Jumamosi, tarehe 28 Juni. Msichana alibaki peke yake na maiti hadi Jumapili asubuhi, majirani walipokuja.

Jumapili ndiyo siku niliyoukuta mkono wa maji juu ya meza. Niliufuta mara mbili. Wasswa sijamwambia, atasema iko ya hesabu, na mimi nitataka kumwamini.

Jioni Baba Nyachuol amekuja naye. Anajibu sasa akiitwa Nyachuol, ingawa huchelewa kidogo. Ametaka nimchore mkono kwa kalamu, kama ule wa kwanza. Nikatafuta karatasi nene. Nikaanzia kwenye kifundo, nikapanda, nikazunguka vidole vitano, nikashuka upande wa pili, nikainua kalamu. Baba yake alikuwa ananitazama kutoka mlangoni. Nikaiacha wazi. Pembeni akaandika jina lake mwenyewe, na 9.

Nimeuskani, nimeufuata wino kwa mistari. Kidole changu kikaenda chenyewe kwenye H. Nikakiondoa, nikakikalia, nikahifadhi kwa mkono mwingine.